Cheti cha Mwalimu Kikiisha Muda, Nani Alipe?

Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha ligi ya vijana, tulipokuwa tunajadili msimamo wa chama kuhusu walimu. Wengi mliomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.



Nimepewa dakika ishirini. Katibu amenionya nisiwachoshe na vifungu vya sheria. Nitajitahidi, lakini nasomea sheria, na jambo lililo mbele yetu ni la sheria. Vichache mtanivumilia.

Mezani kuna pendekezo la sentensi moja. Linasema chama chetu kikiingia serikalini kitafuta kabisa mpango wa kumtaka mwalimu ahuishe cheti chake kila baada ya miaka mitano. Najua sentensi hiyo itapigiwa makofi kwenye mkutano wowote wa hadhara. Hata mimi ningependa kuishangilia. Lakini nimesimama kuipinga. Siwatetei walio serikalini. Naipinga kwa sababu ni fupi mno, na siku mtu atatuuliza swali la pili tutabaki tunatazamana.

Tuanze kwa kutofautisha vitu viwili ambavyo hata kwenye matangazo ya redio huchanganywa.

Cha kwanza ni usajili. Ukimaliza chuo cha ualimu, unaomba kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Unapewa namba. Sheria ya Tume hiyo, ya mwaka 2012, inasema huwezi kufundisha bila kusajiliwa. Kifungu cha 30 cha sheria hiyo kinaeleza mtu anavyoweza kuondolewa kwenye daftari, na sababu zinazotajwa humo ni nzito. Miongoni mwazo ni kupatikana na hatia ya kosa la kingono au kosa dhidi ya mwanafunzi, na kusajiliwa kwa njia ya udanganyifu.

Cha pili ni cheti cha kufundisha. Hiki kimo katika kifungu cha 35. Kifungu hicho kinaiambia Tume imtake kila mwalimu aliyesajiliwa apitie mafunzo ya kukuza taaluma, na achukue cheti cha kufundisha, kama kanuni zitakavyoeleza. Shikeni hayo maneno, "kama kanuni zitakavyoeleza." Nitayarudia.

Kwa hivyo usajili unasema wewe ni mwalimu. Cheti kinasema bado unajiendeleza. Cha pili ndicho chenye muda wa kuisha, na ndicho kilicholeta kelele.

Kelele zilianza hivi. Septemba 2021, Tume ilizindua mpango wa mafunzo ya kukuza taaluma, ule walimu wanaouita TPD. Ulivyotangazwa, mpango una awamu sita, na kila awamu ni miaka mitano. Mwalimu akimaliza awamu moja ndipo anahuisha cheti chake. Vyuo vinne vilichaguliwa kutoa mafunzo hayo: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara, na taasisi ya serikali ya mafunzo ya usimamizi wa elimu, KEMI. Na ada? Shilingi 6,000 kila mwaka, kutoka mfuko wa mwalimu.

Hebu tupige hesabu pamoja. 6,000 mara miaka mitano ni 30,000. Hiyo ni kwa kuhuisha cheti mara moja. Awamu sita ni 180,000, na miaka 30. Yaani mtu anaanza kulipa akiwa na umri kama wangu, anamaliza akikaribia kustaafu.

Sasa, mbunge akisikia 6,000 kwa mwaka ataona ni pesa ya chai. Tusimlaumu, hajui. Lakini tuangalie nani hasa ni mwalimu leo.

Kuna mwalimu aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu. Ataumia, lakini atalipa. Pengine atakopa kwenye chama cha akiba na mikopo.

Kuna mwalimu mwanagenzi. Walipoajiriwa kufundisha sekondari ya chini mwaka 2023, walikuwa wanapewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na wale wa msingi 15,000. Mtu wa 15,000 akitoa 6,000 ametoa zaidi ya theluthi ya pato la mwezi mmoja. Na msisahau kwamba Aprili 2024 Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi ilisema kuwaweka walimu waliosajiliwa katika hali hiyo ya uanagenzi kulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini.

Kuna mwalimu wa bodi ya shule. Huyu mshahara wake unategemea karo ya wazazi. Wazazi wakichelewa, naye anachelewa. Kuna mwalimu wa shule ya binafsi ya mtaani, ambaye likizo ya Desemba kwake ni mwezi bila mshahara.

Kuna aliyesajiliwa na hajawahi kuajiriwa. Hawa ni maelfu kwa maelfu. Wanaendesha boda, wanauza mitumba, wana namba ya TSC kwenye bahasha nyumbani. Huyu atalipia cheti cha kufundisha ili amfundishe nani?

Halafu kuna ambaye hatumtaji sana. Ni mwalimu aliyetoka kazini kwa muda, mara nyingi mwanamke. Alijifungua mapacha. Au alimuuguza mama mkwe miaka minne. Au alienda Saudia kufanya kazi za nyumbani kwa sababu ualimu wa bodi haukulipa. Sasa anataka kurudi darasani. Kama cheti chake kimeisha muda akiwa huko, ni nani alimwambia? Anarudije? Anaanza awamu upya au anaendelea alipoachia? Analipa miaka ambayo hakuwa akifundisha? Pendekezo letu la sentensi moja halimjibu huyu dada. Wala mpango wenyewe, kama ulivyotangazwa kwa wananchi, haukumweka mbele.

Hapo ndipo nasema hasira zetu ni za haki. Lakini sasa nisikilizeni upande wa pili, kwa sababu tukiukataa kusikia tutausikia kwenye runinga siku ya mdahalo.

Wakili wa Kenya huchukua leseni ya kufanya kazi kila mwaka. Ikifika Desemba 31 imekwisha, na lazima awe amehudhuria mafunzo ya kutosha kupata alama za mwaka huo. Daktari huhuisha leseni yake. Muuguzi naye. Hakuna mtu aliyesimama jukwaani kusema hao wanaonewa. Kwani mtoto wako akiwa na homa, hutaki daktari aliyesoma jambo jipya tangu 1998? Basi mtoto huyo huyo akiwa darasani, anastahili kidogo kuliko akiwa hospitali?

Na tazameni mtaala. Tumeacha 8-4-4 tukaingia mtaala wa umilisi. Mwalimu aliyesomea cheti cha P1 alifunzwa kazi nyingine kabisa. Vyuo vyenyewe viliacha P1 na kuanza diploma mwaka 2021. Ukisema hakuna haja ya mafunzo, unamwacha mwalimu peke yake na mtaala mgeni, halafu mzazi anamlaumu yeye.

Kuna la uzito zaidi. Daftari la walimu ndilo linalotuwezesha kumzuia mtu aliyemdhulumu mtoto asihamie shule ya kaunti jirani na kuanza upya. Chama kinachosema "futa vyeti vyote" bila kueleza kitaeleweka kuwa kinasema "funga daftari." Wazazi hawatatusamehe, na watakuwa na haki.

Kwa hivyo hoja si kama mwalimu ajiendeleze. Kila mwalimu niliyezungumza naye anataka kujiendeleza. Hoja ni tatu: nani analipa, nani ameshirikishwa, na mtu anapotezaje cheti chake.

Nianze na nani analipa. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kama sheria inavyoelekeza. Wataalamu wa serikali watajibu kwamba 6,000 si ada ya leseni, ni karo ya chuo. Ni jibu la kisheria na lina nguvu kiasi, sitawadanganya. Lakini tuwaulize hivi: kama bila kulipa hakuna mafunzo, na bila mafunzo hakuna cheti, na bila cheti huruhusiwi kufanya kazi, kuna tofauti gani kwa anayelipa? Mlango ni ule ule, wamebadilisha jina la bawabu tu. Hiyo ni hoja inayostahili kufika mahakamani.

Wenzetu wanafanyaje? Scotland walimu wana utaratibu kama huu. Baraza lao la walimu humthibitisha kila mwalimu kila baada ya miaka mitano kwamba amejiendeleza. Tofauti iko hapa: katika makubaliano ya walimu na mwajiri ya mwaka 2001, saa 35 za kujiendeleza kwa mwaka ziliingizwa ndani ya masharti ya kazi. Mwajiri anayetaka mwalimu asome ameandika kwenye mkataba muda wa kusoma. England nako, hati ya mwalimu aliyehitimu haina tarehe ya kuisha. Kwa hivyo mtu akiwaambia dunia nzima inafanya kama sisi, mwambieni dunia inafanya kwa njia nyingi.

La pili, nani ameshirikishwa. Hapa ndipo narudi kwa yale maneno, "kama kanuni zitakavyoeleza." Bunge halikuandika 6,000. Bunge halikuandika vyuo vinne. Bunge liliacha kazi hiyo kwa kanuni, na kanuni nazo zina sheria yake, Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013. Inataka wanaoguswa wasikilizwe kabla kanuni haijatungwa. Inataka kanuni ipelekwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inakosa nguvu. Na kuna kifungu cha 21 ambacho ningependa kila mwalimu akijue. Kinasema kanuni hufutika yenyewe miaka kumi baada ya kutungwa, isipokuwa imeondolewa kwenye sharti hilo au imeongezwa muda kwa utaratibu uliowekwa, na nyongeza yenyewe haizidi miezi 12.

Mmelisikia hilo? Kanuni pia ina tarehe ya kuisha! Anayemwambia mwalimu "cheti chako kimeisha muda" naye ana karatasi inayoisha muda. Kanuni za Walimu zilitungwa 2015. Hesabuni wenyewe. Swali letu la kwanza kwa mbunge wa eneo hili liwe hilo: kanuni mnazozitumia kwa walimu zilihuishwa lini, na walimu gani waliitwa kutoa maoni?

La tatu, mtu anapotezaje cheti. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, halali, wa busara na wa haki. Ukiwa utaumizwa na uamuzi, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 iliyofuata kifungu hicho inaongeza kwamba upewe taarifa mapema, usikilizwe, na uambiwe unaweza kukata rufaa wapi. Maana yake ni hii: hakuna mwalimu anayepaswa kugundua kwenye simu, akiwa foleni ya kuomba kazi, kwamba jina lake halipo tena. Ukimya wa mtambo si taarifa. Neno "imekataliwa" kwenye skrini bila maelezo si sababu.

Sasa nini nipendekeze badala ya ile sentensi moja? Nina mambo manne, na naomba yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Moja. Mwajiri anayetaka mafunzo ndiye alipie mafunzo. Kwa walimu wa umma, Hazina. Kwa wa shule za binafsi, mwenye shule achangie. Asiye na ajira asitozwe chochote mpaka apate kazi, na akipata kazi apewe muda wa kutosha.

Mbili. Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi zilizohesabiwa, na yapatikane karibu. Mwalimu wa Lodwar au wa Lamu asiambiwe afuate chuo Nairobi, wala asiambiwe "ni mtandaoni" mahali ambapo mtandao unapatikana ukipanda kilima.

Tatu. Kuwe na njia ya wazi ya kurudi. Aliyekaa nje kwa uzazi, ugonjwa, kuuguza au kazi ya ng'ambo ajue mapema anatakiwa nini. Nafikiri kozi moja fupi ya kumpitisha kwenye mtaala wa sasa inatosha, na uthibitisho kwamba hana rekodi ya kudhuru watoto. Asilipe malimbikizo ya miaka ambayo hakuwa darasani.

Nne. Hakuna cheti kuisha kimyakimya. Taarifa itolewe kwa maandishi miezi kabla, kwa simu na kwa barua, na pawepo rufaa kwa watu ambao si wale wale waliotoa uamuzi.

Haya mambo manne hayaingii kwenye bango moja, najua. Lakini ukiyasema mbele ya mzazi hakukimbii, na ukiyasema mbele ya mwalimu anakuelewa.

Mwisho, kwa walimu mliopo, hasa mliokaa nje na mnataka kurudi. Msingoje siasa. Anzeni na haya.

Hakikisheni majina yenu kwenye kitambulisho, vyeti vya masomo na daftari la Tume yanafanana. Aliyeongeza jina la ndoa apate hati ya kiapo mapema. Herufi moja inaweza kukurudisha nyuma miezi. Chukueni cheti kipya cha maadili mema kutoka kwa polisi kama cha zamani kimepitwa, na fomu ya daktari ijazwe kikamilifu. Kila mnacholipa, hifadhini ujumbe wa M-Pesa na risiti. Simu hupotea, kwa hivyo chapisheni.

Mkikosa jibu, msiende tu kuuliza dirishani. Andikeni barua, iwe na tarehe, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari. Barua isemeni waziwazi kwamba mnaomba chini ya sheria hiyo. Mkinyimwa habari, mna siku 30 za kupeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya mpatanishi wa malalamishi ya umma. Hulipi wakili kufanya hayo. Ligi ya vijana inaweza kuwaandikia barua hizo, na mimi na wenzangu wawili wa kitivo tumejitolea kuzisoma kabla hazijatumwa.

Mwenyekiti, naomba pendekezo la kwanza liondolewe na haya manne yapigiwe kura. Na kama kikao kitakubali, barua ya kwanza iende kwa mbunge wiki hii, iwe na lile swali moja tu la kanuni za 2015. Karatasi ya sahihi iko pale kwa katibu. Walimu waanze kutia sahihi, sisi wengine tufuate nyuma yao.